Sababu, Bahati na Dhoruba za Vumbi za Mirihi

Dhoruba kubwa ya vumbi katika sayari ya Mirihi huanza kama dhoruba ya kawaida ya eneo moja, kisha ndani ya wiki chache huifunika sayari nzima. Haitokei kila mwaka. Ilitokea 1971, mwaka 1977 zikatokea mbili, baadaye zikaja za 2001, 2007 na 2018. Baina ya ile ya 2007 na ile ya 2018 ilipita misimu mitano ya vumbi bila hata moja kufikia ukubwa huo, ilhali Jua lilikuwa lilelile na njia ya sayari angani ileile. Jambo hili linawashughulisha wataalamu wa hali ya hewa, lakini ndani yake limo swali kongwe la falsafa na la dini. Tukio linapotokea mwaka huu baada ya kukosekana mwaka jana, na masharti yote yanayojulikana yakiwa yamerudi kama yalivyokuwa, je, ipo sababu iliyojificha iliyolilazimisha litokee? Au yapo mambo ambayo hutokea tu?

Kwa kawaida swali hilo hujadiliwa kwa mifano ya hapa duniani: ajali, ugonjwa, mvua iliyochelewa. Mifano hiyo ina mambo mengi yaliyochanganyikana, kuanzia bahari na misitu hadi matakwa ya watu wenyewe. Mirihi haina bahari wala msitu, haina mvua, na haina mtu wa kulaumiwa. Katika majira ya baridi ya kaskazini mawimbi ya hali yake ya hewa hupita kwa utaratibu unaoweza kutabirika vizuri kuliko wa duniani. Kama kuna mahali ambapo sababu ilipaswa kuonekana waziwazi, ni pale. Ndiyo maana inafaa kutazama kwanza kinachotokea, hatua kwa hatua, kabla ya kuwaita wanafalsafa.

Angahewa ya Mirihi ni nyembamba mno. Takriban asilimia 95 yake ni kaboni dioksidi, na kanieneo yake kwenye uso wa sayari haifiki hata sehemu moja ya mia ya ile ya usawa wa bahari duniani. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, ambao duniani huezua mabati, kule ungemgusa mtu kama upepo mwanana. Kwa hewa dhaifu kiasi hicho, kunyanyua vumbi si kazi rahisi. Chembe za vumbi la Mirihi zina upana wa takriban mikromita 3, na kwa udogo wake hunata kwenye ardhi na kunatana zenyewe kwa zenyewe. Kinachozibandua mara nyingi ni mchanga ulio mkubwa zaidi. Punje moja ya mchanga inasukumwa, inaruka kidogo, inatua, na pale inapogonga ardhi inazirusha chembe laini hewani. Visulisuli navyo hunyonya vumbi kutoka nyanda zilizopashwa joto mchana. Likishapaa, vumbi halishuki upesi, kwa sababu chembe ni nyepesi na uvutano wa Mirihi ni takriban asilimia 38 tu ya ule wa dunia. Linaweza kuelea kwa wiki nyingi, hata miezi.

Hapo ndipo angahewa yenyewe inapobadilika. Katika hali ya kawaida mwanga wa Jua hupenya hewa safi na kuipasha ardhi, na ardhi ndiyo huipasha hewa iliyo juu yake. Vumbi likitanda, mwanga hunaswa njiani. Hewa ya juu hupata joto moja kwa moja, na ardhi iliyo chini hunyimwa sehemu yake. Wakati wa dhoruba ya 2001, hewa ya tabaka za kati ilipanda joto kwa nyuzi 30 na zaidi, huku mchana wa chini ukiwa wa baridi kuliko kawaida. Usiku mambo huwa kinyume: blanketi la vumbi huzuia joto lisitoroke, na ardhi hubaki na uvuguvugu ambao isingekuwa nao. Mwaka 2018 chombo cha Curiosity, kilichokuwa ndani ya kreta ya Gale, kilishuhudia tofauti ya joto baina ya mchana na usiku ikipungua sana kadiri vumbi lilivyozidi kuwa zito.

Joto jipya la angani huamsha pepo. Hewa iliyopashwa upande wa kiangazi hupanda, huvuka ikweta kwa juu na kushuka katika kizio kingine, na mzunguko huo ambao upo daima hupata nguvu kubwa na kufika mbali zaidi, hadi karibu na ncha iliyo katika giza la majira ya baridi. Kanieneo nayo hubadili mwendo wake. Kila siku angahewa ya Mirihi huvimba na kunywea kwa kufuata Jua, na vyombo viwili vya Viking vilivyotua mwaka 1976 vilikuwa na vifaa vya kuupima mwendo huo. Dhoruba za 1977 zilipoenea, mpando na mshuko wa kila siku uliongezeka ghafla, hasa ule unaojirudia mara mbili kwa siku moja. Kifaa kimoja kidogo, kilichokaa mahali pamoja kwenye uwanda wa Chryse, kiliweza kusoma habari za sayari nzima kwa sababu angahewa yote ilikuwa inapumua kwa namna mpya.

Ukifuatilia mnyororo huu utaona kwamba unajirudia wenyewe. Upepo hunyanyua vumbi. Vumbi hunasa joto. Joto huongeza upepo. Upepo ulioongezeka hunyanyua vumbi zaidi. Kilichokuwa matokeo kimegeuka kuwa sababu ya kile kilichokizaa. Watu wengi, wakiwemo wasomi, hufikiria sababu kama kitu kinachotangulia na kukabidhi, kisha kazi yake imekwisha: baba kabla ya mtoto, cheche kabla ya moto. Dhoruba ya Mirihi haikubali mpangilio huo. Ndani yake hakuna kitu kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole kuwa ndicho sababu na vingine vyote ni matokeo. Zaidi ya hayo, mzunguko huohuo unaoikuza dhoruba ndio hatimaye huizima. Vumbi likishatanda kila mahali, ardhi hupoa, tofauti ya joto baina ya ardhi na hewa hupungua, visulisuli hukoma, na maeneo yaliyokuwa na vumbi tele huwa yamekwishapukutishwa. Kisha vumbi huanza kuanguka, taratibu, mahali ambapo halikuwepo.

Ukubwa wa jambo hili ulijulikana vizuri mwaka 1971. Tarehe 14 Novemba mwaka huo chombo cha Marekani, Mariner 9, kiliingia katika mzunguko wa Mirihi, na kuwa cha kwanza kuizunguka sayari nyingine. Kilikuta dunia iliyofunikwa. Dhoruba iliyokuwa imeanza Septemba ilikuwa imeficha kila kitu isipokuwa madoa machache meusi, ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa vilele vya volkano kubwa mno: Olympus Mons, na majirani zake watatu wa nyanda za Tharsis. Waliokiendesha waliweza kukiamuru kisubiri, nacho kikasubiri hadi Januari 1972 ndipo kazi ya kuchora ramani ikaanza. Vyombo vya Kisovieti, Mars 2 na Mars 3, vilifika wiki chache baada ya Mariner 9 kuwasili na havikuwa na uwezo huo wa kungoja; viliviachia vitua-ardhi vyao katikati ya dhoruba. Cha Mars 2 kilianguka na kuharibika. Cha Mars 3 kilitua tarehe 2 Desemba, kikatuma mawimbi kwa takriban sekunde 20, kisha kikanyamaza.

Mariner 9 ilipopima joto wakati ule ilikuta hewa yenye joto juu ya ardhi iliyopoa. Carl Sagan na wenzake waliufikiria ugunduzi huo kwa miaka mingi, na ukawa mojawapo ya njia zilizowafikisha kwenye hesabu waliyoichapisha mwaka 1983 kuhusu moshi wa vita vya nyuklia na baridi ambayo ungeileta duniani. Hili ni jambo la kutafakariwa sana. Watu walijifunza kitu kuhusu hatari ya maamuzi yao wenyewe kutokana na vumbi la mahali ambapo hakuna uamuzi wowote unaofanywa. Hilo liliwezekana kwa sababu walichukulia kwamba vumbi, mwanga na joto vina tabia ileile pote, na kwamba sababu ya kule ni sababu ya hapa.

Uhalali wa kuchukulia hivyo ndio uliobishaniwa katika mojawapo ya mijadala mikubwa ya fikra za Kiislamu. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichukua mfano wa pamba inayoguswa na moto. Macho huona pamba ikiungua moto unapoigusa, alisema, lakini hayaoni ulazima wowote unaoviunganisha viwili hivyo. Kinachoonekana ni kimoja kuwa pamoja na kingine. Mtendaji ni Mungu, na utaratibu tunaouona ni desturi aliyoiweka, ambayo angeweza kuiacha. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyefariki 1198, alimjibu kwa ukali: anayekanusha kwamba vitu vina sababu amekanusha akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu zake. Miaka mia kadhaa baadaye David Hume wa Uskochi alifika karibu sana na hoja ya al-Ghazali, akiwa hana nia yake ya kidini, akasema ulazima tunaodhani tumeuona ni mazoea ya akili zetu.

Dhoruba za Mirihi zinaupeleka mjadala huo mahali ambapo wote watatu hawakupafikia. Pamba na moto ni mfano wa jambo linalotokea kila mara. Swali lilikuwa kama kujirudia kwake ni kwa lazima au kwa desturi. Dhoruba kubwa haina desturi. Kila mwaka wa Mirihi, ambao ni siku 687 za duniani, sayari huikaribia sehemu ya njia yake iliyo karibu zaidi na Jua, na hapo hupokea mwanga zaidi kwa takriban asilimia 45 kuliko inapokuwa mbali kabisa. Wakati huo huwa majira ya kuchipua na kiangazi cha kusini, na dhoruba za kimaeneo huzuka kila mwaka bila kukosa. Hadi hapo desturi ipo. Kinachokosa desturi ni hatua inayofuata, pale mojawapo ya dhoruba hizo inapokataa kufa na kuendelea kukua. Ile ya 2001 na ile ya 2018 zilianza karibu katika majira yaleyale, lakini ya kwanza ilihusiana na bonde kuu la Hellas, kusini, na ya pili ilianzia kaskazini. Ile ya 2007 ilikuja katikati ya msimu.

Jibu la upande mmoja lilitolewa na Pierre-Simon Laplace mwaka 1814. Akili ambayo ingejua nguvu zote na mahali pa kila chembe kwa wakati mmoja, alisema, isingekuwa na shaka juu ya lolote, na wakati ujao ungekuwa wazi mbele yake kama uliopita. Kwa mtazamo huo, dhoruba ya 2018 ilikuwa imekwishaamuliwa, na bahati ni jina la ujinga wetu. Henri Poincaré alikubali msingi huo mwaka 1908, lakini akaongeza jambo lililoitikisa nyumba nzima: sababu ndogo isiyoonekana inaweza kuzaa matokeo makubwa yasiyoweza kutoonekana, na hapo ndipo watu husema ni bahati. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz aliona jambo hilo likitokea mbele yake. Akitaka kurudia sehemu ya hesabu ya kompyuta, aliingiza 0.506 badala ya 0.506127. Hali ya hewa ya kubuni iliyotoka katika hesabu ya pili ilifuatana na ile ya kwanza kwa muda, kisha zikaachana kabisa, hadi zisionekane kuwa na uhusiano wowote. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Kila hatua ilikuwa imelazimishwa na ile iliyoitangulia, na bado hakuna ambaye angeweza kutabiri mwisho kwa kutazama mwanzo uliopunguzwa tarakimu tatu.

Jaribio la kutabiri lilifanywa kwa Mirihi pia. Mwaka 2016 mtafiti James Shirley wa NASA, akitegemea uhusiano alioukuta baina ya miaka ya dhoruba na mwendo wa Mirihi unavyovutwa na sayari nyingine, alieleza kwamba kulikuwa na uwezekano mkubwa wa dhoruba kubwa kuanza ndani ya wiki au miezi michache. Msimu ule ukapita bila dhoruba ya sayari nzima. Ikaja katika msimu uliofuata, 2018. Ni rahisi kusema utabiri ulishindwa, na ni rahisi pia kusema ulikaribia. Yote mawili yana haki kidogo. La maana zaidi ni kwamba hata aliyeamini ipo sababu kubwa ya mbali, inayoweza kuhesabiwa karne nyingi mbele, alilazimika kuzungumza kwa lugha ya uwezekano.

Hata hivyo, ipo kasoro katika jinsi swali lenyewe linavyoulizwa. Linasema masharti yamerudi kama yalivyokuwa. Hayajarudi. Jua limerudi na majira yamerudi, lakini vumbi halikurudi mahali pake. Dhoruba ya mwaka mmoja hufagia nyanda zilizokuwa na akiba na kulimwaga vumbi mahali pengine, kiasi kwamba baada ya dhoruba ya 2001 sehemu kubwa za sayari zilionekana kubadilika rangi zikitazamwa kutoka juu. Mahali palipofagiwa huenda pasiweze kuanzisha dhoruba nyingine hadi pepo ndogo za miaka kadhaa zilirudishe vumbi kidogokidogo. Kwa hiyo Mirihi ina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo imeandikwa kwa vumbi lenyewe. Hakuna miaka miwili iliyowahi kuanza katika hali moja.

Hili linapunguza nguvu za pande zote mbili. Anayesema dhoruba ya 2018 ilitokea bila sababu hana msingi, kwa kuwa kila hatua yake inaelezeka, kuanzia punje ya mchanga hadi pepo zinazovuka ikweta. Anayesema ilikuwa ni lazima anatamka neno kubwa kuliko ujuzi wake. Jibu sahihi la swali "kwa nini mwaka huu?" ni masimulizi: vumbi lilikuwa limekaa wapi, lilifikaje pale, dhoruba gani ilipita jirani siku gani. Kanuni za maumbile zinaonyesha masimulizi gani yanawezekana. Hazitoshi kuchagua moja, mpaka ziongezewe historia ya mahali penyewe, na historia hiyo hakuna aliyeiandika yote.

Kwa muumini wa Mungu mmoja jambo hili si la kuogofya. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alitetea hoja kwamba uangalizi wa Mungu hauondoi bahati katika viumbe, kwani kukutana kwa sababu nyingi ndogo ni sehemu ya ulimwengu ulioumbwa. Anayeamini kadari naye hasemi kwamba ameisoma kabla ya wakati. Kinachopaswa kukataliwa ni ule uvivu unaoitumia kadari kufunga uchunguzi, kana kwamba kusema "imeandikwa" ni sawa na kueleza. Al-Ghazali mwenyewe, pamoja na shaka yake juu ya ulazima, hakumkataza mtu kuchunguza mwendo wa jua na mwezi. Aliwalaumu waliodhani kwamba kuukanusha ujuzi huo ni kuitetea dini.

Swali la bahati hubadilika sura pale mtu anapoingia katika hesabu. Gari la utafiti la Opportunity lilitua Mirihi Januari 2004 kwa kazi ya siku 90 za kule. Lilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 14, likasafiri kilomita 45, na likaiponyoka dhoruba ya 2007 kwa kupunguza matumizi ya umeme na kungoja. Tarehe 10 Juni 2018 lilikuwa katika bonde liitwalo Perseverance, kwenye ukingo wa kreta ya Endeavour. Kipimo cha unene wa vumbi angani kilifika 10.8, kiwango ambacho mwanga unaokuja moja kwa moja kutoka kwa Jua hubaki sehemu ndogo kuliko moja ya elfu arubaini. Paneli zake za sola zilizalisha watt-saa 22 tu siku ile, ambapo siku chache kabla zilikuwa zikizalisha mamia. Halikujibu tena, na tarehe 13 Februari 2019 NASA ilitangaza kwamba kazi yake imekwisha. Curiosity, upande mwingine wa sayari, iliendelea na shughuli zake kwa sababu umeme wake hutokana na plutoniamu. Vumbi lilikuwa moja kwa vyombo vyote viwili. Maneno kama mkosi na nusura yalitoka kwa watu waliokuwa wakingoja upande huu, na hayakuwa maneno ya kipuuzi, kwani kazi ya miaka mingi ya watu wengi ilikuwa imesimama juu ya paneli zile. Ila hayakueleza chochote kuhusu dhoruba.

Kuna sehemu moja ya habari hii ambayo ndani yake bahati na ulazima vinafanya kazi pamoja, nayo ni maji. Mvuke mchache wa maji ulioko Mirihi kwa kawaida hubaki chini, kwa kuwa ukipanda hukutana na baridi na kuganda kuwa barafu. Dhoruba ikiipasha hewa ya kati, kizuizi hicho hulegea. Mwaka 2018 mvuke ulionekana hadi kimo cha kilomita 80, na chombo cha MAVEN kilipima maji katika tabaka za juu kabisa, karibu kilomita 150, yakiwa takriban mara 20 ya kiasi cha kawaida. Huko juu molekuli za maji huvunjwa, na hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, hutorokea angani. Anayehesabu jinsi Mirihi ilivyokauka kwa mabilioni ya miaka hana haja ya kujua ni mwaka gani ulikuwa na dhoruba na upi haukuwa nayo. Jumla yake inaelekea upande mmoja tu. Hidrojeni iliyotoroka mwaka 2018 hairudi, na msimu uliofuata ulianza katika sayari yenye maji pungufu kidogo kuliko ile iliyoingia katika dhoruba.